Fundi Aliyehesabiwa Vidole

Watu wa Kianjokoma walikuwa wakimsalimia huku wakimhesabu vidole. Hawakuficha. Alipotoa sadaka kanisani, alipopokea chenji ya sukari dukani, alipopunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara, macho yao yalianzia mikononi, yakapita kidole hadi kidole, ndipo yakapanda usoni kuuliza habari za nyumbani. Naye aliwarahisishia kazi. Alinyoosha mikono yote miwili, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Ziko zote. Mwende mumwambie."

Wa kuambiwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mume alikufa kwa nimonia, akaacha karakana ya mbao nyuma ya jiko na mashine moja ya kupasulia aliyoiunda mwenyewe: meza nzito, diski la msumeno linalochungulia katikati, na mota iliyotolewa kwenye kinu cha kusaga mahindi. Matanga hayajaisha, shemeji akasema mashine ni mali ya ukoo na mwanamke akiishika itamkata, halafu ukoo ndio utalaumiwa. Fundi akasema ataishika. Wakaitwa wazee. Nao, kwa kuwa walikuwa na njaa na jambo lenyewe liliwachekesha, wakaamua hivi: mama akae na mashine mpaka siku itakapomtoa damu. Siku hiyo shemeji aje aichukue.

Walidhani ni suala la mwezi mmoja. Mimi nilipofika Kianjokoma ilikuwa imeshapita miaka minne, na mashine ilikuwa bado inanguruma.

Sijui alizaliwa wapi wala lini, na sikuuliza. Nilikuwa mwalimu mgeni, mtu wa Nchiru niliyehamishiwa shule ya msingi ya huko mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapanga chumba katika ua uliopakana na wake. Kimeru changu na Kiembu chake vinaelewana kwa kusukumana, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa na binti, na huko kwetu mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake, lakini yeye hilo lilishamponyoka. Nadhani alilipenda hili la Fundi zaidi.

Siku ya kwanza nilipoingia karakana nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzi, na tai hiyo nilikuwa naiona kama cheo. Hakunijibu salamu.

"Hio kitu ya shingo utaitoa ama utarudi nayo nyumbani?"

"Nimekuja tu kuuliza bei ya meza, Mama."

"Mashine haijui umekuja kuuliza bei. Inajua tu kushika."

Nikaitoa. Baadaye niligundua kwamba sikuonewa. Alimvua tai mchungaji, akamvua chifu koti lake la kaki lenye mikono mipana, na mama mmoja aliyekuja na lesso mabegani alisimamishwa mlangoni mpaka akaikunja na kuikalia. Pete hazikuingia. Shanga hazikuingia. Sweta iliyofumuka uzi haikuingia hata kama ni baridi ya Julai na ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya chai. Yeye mwenyewe alifanya kazi na shati la mumewe lililokatwa mikono juu ya kiwiko, kitambaa cha kichwa kimefungwa kisogoni kwa fundo dogo lisiloning'inia, na miguuni viatu vigumu vya ngozi. Vijana walimcheka kwa kutovaa glavu. Aliwaambia glavu ni lesso ya mkono, msumeno ukishika kidole kimoja cha glavu unaingia na mkono mzima. Waliendelea kucheka, ila niliona hakuna aliyembishia.

Mkono wake haukukaribia diski. Alikuwa na fimbo ya mti mgumu, imechongwa pengo mwishoni, na hiyo ndiyo iliyosukuma ubao kwenye hatua za mwisho. Hakusimama nyuma ya ubao kama mafundi wa sokoni. Alisimama kando, mguu mmoja mbele, kama mtu anayempisha ng'ombe mkali. Maranda yalifagiwa kila baada ya ubao wa tatu, kwa sababu mtu huteleza kwenye maranda, na mtu anayeteleza hushika kilicho karibu. Na akiwa amekasirika hakuwasha. Zipo siku nilimwona ametoka karakana, amechukua jembe, amelima kipande kizima cha viazi kwa hasira, kisha amenawa na kurudi kazini. "Mashine haina shemeji," alipenda kusema. Alimaanisha kwamba haijali umekosewa na nani.

Jambo lililomkosesha usingizi kabisa lilikuwa stima, yaani umeme. Wakati huo stima ilikuwa ngeni Kianjokoma na ilikuwa na tabia za mgeni, inakuja na kuondoka bila kuaga. Ikipotea, watu wote tulifanya kosa moja: tuliacha kila kitu kama kilivyo na kwenda kuota jua. Redio iko wazi, taa iko wazi. Ikirudi, nyumba nzima inaamka kwa kelele na tunacheka. Kwa mwenye redio hilo ni sawa. Kwa mwenye diski la msumeno ni habari nyingine. Stima ikipotea, Fundi alikuwa anazima swichi kabla hata mota haijamaliza kulia, kisha anachomoa waya ukutani na kuuweka mfukoni mwa aproni. Ndiyo, aliutembeza ule mwisho wa waya mfukoni. Siku moja shemasi wa kanisa alikuja stima ikiwa imepotea, akaegemea meza ya mashine, akakiweka kiganja juu ya diski huku akihubiri habari za viti vya kwaya. Stima ikarudi. Tuliisikia redio ya jirani ikipasuka kwa taarabu ya asubuhi. Shemasi akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akasimama katikati ya karakana akijitazama mkono. Fundi alikuwa ameshikilia ule waya. "Endelea, shemasi," akasema. "Ulikuwa umefika kwa viti."

Msifikiri alikuwa mtu mwoga. Huyo huyo aliyemvua mchungaji tai alikuwa anapanda mparachichi wake pekupeku, na umri wake ule, mpaka kwenye tawi la juu linaloyumba, anatupa maparachichi chini huku akiniambia nirudi nyuma. Alivuka mto uliofura kwa kurukia mawe. Alipanda nyuma ya lori la majani chai, juu ya magunia, akashuka kabla halijasimama. Nilimwuliza mbona. Akasema kuanguka juu ya mti ni shauri lake na Mungu, lakini kukatwa na mashine ni shauri la ukoo. Nilimwona ana ukaidi wa ajabu, na nilimpenda kwa huo ukaidi.

Alikiogopa kisu cha jikoni kuliko msumeno, na hilo lina sababu. Kabla sijafika, alikuwa akimenya nduma jioni, kisu kikateleza kikamkata kidole gumba. Asubuhi shemeji akaona kitambaa kidoleni, na kufikia saa nne wazee wanne walikuwa uani. Fundi akaingia jikoni, akatoka na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na kisu, na nduma iliyomenywa nusu, na damu imeikaukia. Akaliweka miguuni mwa shemeji. "Hiki ndicho kimenikata. Chukua, kirudi kwa ukoo." Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kutoka siku hiyo binti yake ndiye aliyemenya, na alipoolewa Kiritiri, kule chini kwenye joto na mbuzi, Fundi alipika nduma na maganda yake.

Mnaona basi alivyoishi. Watu wengine hujilinda kwa kuwa wanaogopa maumivu. Yeye alijilinda kwa ubishi. Kila jioni aliyozima mashine akiwa mzima alikuwa ameshinda kesi, na kesho yake kesi ilianza upya.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo sijivunii.

Mbao nyingi za kwetu ni za mukima, ule mti ambao wengine huuita grivilea. Umepandwa mipakani, kati ya chai yangu na chai yako. Na kwa kuwa tayari umesimama kwenye mpaka, nani atachimba shimo la nguzo? Tunapigilia seng'enge kwenye mti ulio hai. Mti hauna neno. Unanenepa, unameza msumari na kipande cha waya, gome linajifunga, na baada ya miaka kumi hakuna dalili yoyote. Kisha mwenye shamba anataka kitanda, anaukata mti, anaupeleka kwa fundi na kusahau baba yake alipigilia nini.

Kwa hiyo kila aliyeleta gogo aliulizwa swali moja kabla ya salamu: huu mti ulisimama wapi? Ukisema mpakani, mti wako haukukaribia mashine. Ulipasuliwa kwa msumeno wa mkono, polepole, wewe ukishika upande mmoja, na kazi ya siku mbili ilichukua mwezi. Ukisema katikati ya shamba, aliondoa gome na kupitisha sumaku, jiwe zito la sumaku alilotoa kwenye spika iliyokufa ya kanisa, amelifunga kwa uzi. Likivutwa popote, gogo lilirudishwa kwenye msumeno wa mkono.

Mimi nilitaka meza na kabati la vitabu. Wazazi wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kuona ninapoishi, na chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo na tai tatu. Mwenye nyumba aliniuzia mti wake mmoja. Ulisimama katikati ya majani chai, hilo ni kweli kabisa. Lakini alishaniambia, tulipokuwa tukiukata, kwamba kabla yeye na nduguye kubadilishana vipande, ua wa babu yao ulipita hapo hapo.

"Huu mti ulisimama wapi, mwalimu?"

"Katikati ya shamba."

"Katikati kabisa?"

"Katikati ya majani."

Sikusema uongo, nilijiambia. Ninachapa watoto kwa majibu ya namna hiyo.

Akaondoa gome, akapitisha sumaku, haikutikisika. Akanionyesha nguzo ya mlango. "Simama hapo nje. Usiingie mpaka nizime." Nikasimama. Lakini mukima ukipasuliwa una rangi ya waridi ndani, na madoadoa yanayong'aa, na ubao wa kwanza ulipofunguka nilitaka kuuona ubao wangu. Nikaingia hatua tatu. Nikasimama sawasawa na diski, mahali ambapo yeye mwenyewe, kwa miaka yote ile, hakuwahi kuweka mguu.

Nilisikia mlio ambao mbao haziutoi. Kisha shavu langu likawa la moto. Jino la msumeno lilikuwa limekatika kwenye msumari wa babu wa watu na kunipasua shavu, upana wa kidole kimoja chini ya jicho. Shati langu jeupe likaanza kubadilika rangi.

Fundi hakunikimbilia. Alizima. Akachomoa waya. Akasimama akalitazama diski mpaka likatulia kabisa, na mimi naona muda huo ulikuwa mrefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Ndipo akaja, akavua kitambaa cha kichwa, akanikandamiza shavu.

"Ulisimama wapi huu mti?"

Nikamwambia yote.

"Umenidanganya, mwalimu," akasema, sauti ya chini. Tulitembea mpaka zahanati, akinishika kiwiko, na nilitamani anitukane.

Shemeji alifika kwangu kabla ya jua kutua. Alileta mayai sita kwenye kikapu na maneno matamu.

"Pole sana, mwalimu. Tulisema hii mashine ni hatari, wakatuona wabaya. Wewe Jumamosi mbele ya wazee useme tu vile iliruka. Usiongeze kitu."

"Na nikiulizwa zaidi?"

"Nani atauliza mwalimu? Wewe ni mtu amesoma."

Nikiri kwamba usiku huo niliufikiria ushauri wake vizuri. Kunyamaza kungetosha. Mimi ningebaki mwalimu aliyeumizwa, na wazazi waliokuwa wakiniletea watoto wao wasingejua chochote. Yeye angepoteza mashine. Na asingelalamika kwa mtu, hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jumamosi wazee walikaa uani kwake, na nusu ya wazazi wa darasa langu walisimama kwenye ua wakitafuna miwa. Shemeji alisema damu ni damu, imemwagika mbele ya mashine, na leo ni ya mwalimu, kesho ni ya mtoto. Alisema vizuri. Fundi alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Nilimtazama ili anipe ishara yoyote. Alikuwa akitazama maparachichi.

Mzee mkubwa akanigeukia. "Mwalimu, alikwambia usimame wapi?"

"Nje. Kando ya nguzo."

"Na ulisimama wapi?"

"Mbele ya msumeno."

Watu wakaguna.

"Na mti?"

Hapo ndipo pangeweza kuishia. Nikavuta pumzi, bandeji ikanivuta shavu. "Alinikanya na aliniuliza, wazee. Nilijua ua wa zamani ulipita pale. Nilimficha kwa sababu nilitaka meza mapema."

Nilisikia mama mmoja akisema nyuma yangu, kwa Kiembu nilichokielewa vizuri kabisa, kwamba huyu ndiye anayechapa watoto wetu kwa uongo. Nilistahili. Nilibaki nimesimama, masikio yanawaka, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kujisikia mtu mzima kama dakika ile.

Wazee hawakunong'onezana sana. Mimi nilete mbuzi kwa kuwapotezea Jumamosi. Mama arudi kazini. Shemeji akanyanyuka, akaenda zake, na mayai yake nilikuwa nimeshayarudisha.

Fundi hakunishukuru. Siku ya Jumatatu aliniita akanipa tupa na diski lenye pengo, na kwa Jumamosi tatu nilinoa jino moja baada ya jingine huku akikagua kila moja kwa ukucha na kunirudisha nyuma. Meza ilitoka muhula uliofuata, imepasuliwa yote kwa mkono, upande mmoja nikishika mimi. Wakwe zangu walikuwa wamekuja na kuondoka wakiwa wamekaa kitandani. Nilioa hata hivyo.

Nilirudishwa Meru, nikafundisha karibu na Nchiru, na muongo ulikuwa unaelekea ukingoni nilipopata sababu ya kupita tena Kianjokoma. Nikiwa bado barabarani nilisikia mashine, na moyo wangu ukafurahi kwa sauti ile kuliko nilivyotarajia.

Lakini aliyekuwa kwenye mashine hakuwa yeye. Alikuwa binti yake, yule wa Kiritiri, ambaye ndoa ilimshinda akarudi. Amekata mikono ya shati, amesimama kando, fimbo mkononi. Fundi alikuwa nje kwenye kigoda, kichwa kimeinama kidogo kusikiliza. Macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyochemka yakaachwa.

"Huyo ni mwalimu," akasema nilipokohoa. "Umevaa tai?"

"Sijavaa, Fundi."

"Sawa. Kaa."

Akanieleza. Asubuhi moja alichora mstari wa penseli juu ya ubao akauona uko mara mbili. Akaufuta, akachora tena, ukawa miwili tena. Akaweka penseli chini, akazima, akamtumia binti yake ujumbe. Hajasimama hapo tangu hiyo siku. Nilimwuliza kama ilimuuma. "Iliniuma sana," akasema. "Nililia kama mtoto. Lakini nililia nikiwa nimekaa."

Tulikuwa hapo shemeji alipoingia. Amezeeka, ana fimbo, lakini alitembea kama mtu aliyetumwa kuchukua kitu chake, na nyuma yake walikuwa wazee wawili, wapya kwangu. Binti akazima mashine. Tukalisikia diski likipungua mpaka likanyamaza.

"Mke wa ndugu yangu," akasema, "si tumalize hii maneno. Wewe sasa huoni. Mashine irudi kwa ukoo."

Nilitaka kusema kitu. Fundi akanigusa goti. Akasimama polepole, akaelekeza uso kule sauti ilikotoka, na mikono yake ikabaki imetulia kwenye aproni.

"Wazee walisema damu," akasema. "Hawakusema macho."

Shemeji akawageukia wale wawili. Mmoja akatazama fimbo yake, mwingine akaanza kutabasamu na kujizuia.

"Na huyu?" shemeji akauliza, akimnyooshea binti mkono. "Huyu naye nani alimpatia ruhusa?"

"Huyu ana vidole kumi. Kama mnataka, anzeni kungoja upya."

Binti alingoja mpaka sote tukasogea kando, mimi wa kwanza, kisha akawasha.